Seva ndogo, dnf, na neno moja tu: Killed

Nimepotea kidogo, najua. Kazi zimekuwa nyingi, na stima ya mtaa wetu inakuja na kwenda inavyotaka. Lakini juzi kijana mmoja ninayemsaidia kujifunza kuandika programu alinitumia picha ya skrini yake. Alikuwa amekodi seva yake ya kwanza, ile ndogo kabisa ya bei rahisi, na alitaka kusakinisha kitu kidogo tu. Amri ilikimbia kama nusu dakika, kisha likatokea neno moja:

Killed

Basi. Hakuna maelezo, hakuna nambari ya kosa, hakuna pole. "Kaka, nimekosea wapi?" akaniuliza. Nikamwambia hajakosea popote. Halafu nikakumbuka kwamba neno hilohilo liliwahi kuniaibisha mbele ya akina mama 28, na sijawahi kukisimulia kisa hicho hapa. Leo nakisimulia. Ni kirefu kidogo, kwa hivyo chukua chai.

Seva ya akina mama

Tangu 2022 natunza seva ya chama kimoja cha akina mama huko Machakos. Wako 28. Kila Jumamosi wanachanga, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanagawana faida. Programu yenyewe niliiandika kwa PHP na MariaDB: michango, mikopo, marejesho, na faini ya anayechelewa mkutanoni (hiyo faini ndiyo huleta kelele kuliko mikopo yote!). Katibu anaingiza hesabu kwa simu yake, na kila mwanachama anaweza kuona salio lake.

Seva ina GB 1 ya RAM na inalipiwa dola 6 kwa mwezi kutoka mfuko wa chama. Usicheke. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipokaribia shilingi 160, zile dola 6 zilikuwa shilingi 960, na mweka hazina aliniuliza kwa nini bei imepanda ilhali sijaongeza kitu chochote. Jaribu wewe kumweleza mama anayeuza mboga sokoni kwamba tarakilishi iliyo Ulaya ndiyo inayopandisha gharama zake. Kwa hivyo niliapa kwamba seva hiyo haitapita GB 1 mpaka iwe lazima.

Nilipoijenga niliweka AlmaLinux 9, na kwa kuwa mimi ni mvivu mwenye akili (ndivyo ninavyojiita), niliwasha dnf-automatic. Kwa wasiojua: dnf ni programu ya kusimamia vifurushi kwenye Fedora, RHEL, AlmaLinux na ndugu zao. Vifurushi hapa si vile vya data unavyonunua kwa simu! Ni programu zilizofungwa tayari kusakinishwa, pamoja na maelezo ya kila kimoja kinahitaji nini kingine. Nayo dnf-automatic ni mlinzi wa zamu. Kila asubuhi, kati ya saa 12 na saa 1, inaamka, inaangalia kama kuna masasisho, inayasakinisha, kisha inanitumia barua pepe. Kama hakuna jipya, haitumi kitu.

Kumbuka hilo la mwisho. Kama hakuna jipya, haitumi kitu.

Tarehe 1 Julai 2024

Siku hiyo kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza tundu katika OpenSSH, ile programu tunayoitumia sote kuingia kwenye seva kutoka mbali. Wakaliita regreSSHion, na nambari yake rasmi ni CVE-2024-6387. Ni kisa cha kusikitisha kwa sisi tunaoandika programu. Tundu lenyewe liliwahi kuzibwa mwaka 2006, halafu likarudi kimyakimya kuanzia toleo la 8.5p1 baada ya msimbo kubadilishwa. Mtu asiye na nywila wala ufunguo angeweza, kwa subira na kujaribu mara nyingi sana, kuendesha msimbo wake kwenye seva yako kwa mamlaka ya root. Kwenye mashine za biti 32 wataalamu hao walionyesha kwamba inawezekana kwa saa chache. Biti 64 ni ngumu zaidi, lakini hakuna aliyesema haiwezekani.

AlmaLinux 9 ina OpenSSH 8.7p1. Yaani tumo.

Nilisoma habari hiyo jioni nikatabasamu. Viraka vilitoka haraka, na seva zangu hujisasisha zenyewe. Kesho asubuhi mlinzi ataamka aweke kiraka, nikajiambia, kisha nikaendelea na ugali wangu. Siku mbili baadaye mweka hazina akanipigia simu. Mwanawe anafanya kazi za tarakilishi mjini, na alikuwa amemweleza kuhusu tundu hilo.

"Mwanangu, na sisi tuko salama?"

"Tuko salama, mama," nikamjibu bila kupepesa macho.

Sikuangalia. Ningeingia kwenye seva na kuandika mstari mmoja tu, ningejua. Sikufanya hivyo. Katika kisa hiki chote, hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Novemba

Mwezi wa Novemba 2024 katibu aliomba ripoti mpya ya mwisho wa mwaka. Nikaingia kwenye seva, na kabla ya kuanza kazi nikaandika, kwa mazoea tu:

dnf history

Mstari wa juu kabisa, yaani sasisho la mwisho lililofaulu, ulikuwa wa mwishoni mwa Aprili.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikavua miwani, nikaipangusa, nikaivaa tena. Aprili. Mei hakuna, Juni hakuna, Julai hakuna! Nikaandika amri hii:

rpm -q --changelog openssh-server | grep 2024-6387

Hapa niweke funzo dogo kwa wanaoanza. Usiangalie nambari ya toleo peke yake, kwa sababu familia hii ya Linux huweka kiraka ndani ya toleo lilelile la zamani. OpenSSH 8.7p1 yenye tundu na 8.7p1 iliyozibwa zote hujiita 8.7p1. Uliza orodha ya mabadiliko ya kifurushi, kama nilivyofanya hapo juu. Kama kiraka kipo, utaona mstari unaotaja nambari ya tundu.

Mimi sikuona chochote. Mlango ulikuwa wazi tangu Julai.

Nikafungua logi za mlinzi kwa journalctl -u dnf-automatic.service. Kila asubuhi, kurasa kwa kurasa, mstari uleule: Failed with result 'oom-kill'. Mlinzi hakuwa mvivu hata kidogo. Aliamka kila siku bila kukosa, na kila siku aliuawa kabla hajafika langoni.

Nani alimuua, na kwa nini yeye?

RAM inapokwisha kabisa na hakuna pa kuhamishia mzigo, kerneli ya Linux inabaki na njia mbili: kuiacha mashine nzima igande, au kuitoa programu moja kafara ili nyingine ziishi. Inachagua kafara. Kila programu ina alama zake, na kwa kawaida anayekula kumbukumbu nyingi kuliko wote ndiye mwenye alama za juu. Huyo anatumiwa ishara ya 9, ile isiyokataliwa. Haagi, haandiki barua pepe, hafungi mafaili. Ndiyo maana kwenye skrini ya yule kijana hapakuwa na maelezo yoyote. Programu yenyewe haikupata nafasi ya kusema neno, na hilo Killed liliandikwa na sheli iliyoshuhudia kifo.

Sasa, kwa nini dnf inakula sana? Watu wengi hudhani kumbukumbu inayohitajika inategemea ukubwa wa kile unachosakinisha. Sivyo. Fikiria duka la vifaa vya ujenzi ambalo muuzaji wake, ukimwomba msumari mmoja, lazima kwanza aimwage mezani katalogi nzima ya duka, pamoja na katalogi za maduka yote jirani, ndipo akuuzie. Hiyo ndiyo dnf. Kabla ya kusakinisha kitu cha KB 40, inapakia maelezo ya vifurushi vyote vilivyo katika maghala yote uliyoyawasha: jina, toleo, kinahitaji nini, kinatoa nini, na wakati mwingine orodha ya kila faili lililomo. Kisha inayakabidhi maelezo hayo kwa libsolv, maktaba iliyotoka kwa watu wa SUSE, ambayo hutafuta mchanganyiko wa vifurushi usiogongana. Na yote haya yanaendeshwa ndani ya Python, ambayo nayo haikai bure.

Kwa hivyo mzigo unategemea ukubwa wa maghala kuliko ukubwa wa ombi lako. Nami nilikuwa nimewasha EPEL, ghala kubwa la ziada, kwa ajili ya kifurushi kimoja tu nilichokihitaji 2022 na ambacho sikukitumia tena! Nilipopima baadaye, dnf peke yake ilipita MB 300 kabla hata haijaanza kusakinisha.

Weka hesabu hiyo kwenye GB 1. MariaDB ina sehemu yake. PHP-FPM niliiacha na mipangilio iliyokuja nayo, inayoruhusu hadi watoto 50, ungedhani naendesha benki. Mwezi wa Aprili nikaongeza programu ya kutengeneza ripoti za PDF, ambayo inakaa macho muda wote hata kama hakuna anayeihitaji. Swapu? Seva ilikuja bila swapu, nami sikuiweka. Mwezi wa Mei AlmaLinux 9.4 ikatoka, na toleo kama hilo huja na mamia ya masasisho kwa mkupuo. Hapo kibaba kikafurika.

Lakini hebu fikiria jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Kerneli ilichagua kumuua aliye mnene kuliko wote wakati ule, na huyo alikuwa dnf. Kama siku moja tu ingemuua MariaDB, katibu angeshindwa kufungua hesabu, mwenyekiti angenipigia simu kabla ya saa 2 asubuhi, nami ningeligundua tatizo mwezi wa Mei. Badala yake aliuawa yule ambaye hakuna mtu angemkosa. Programu ya chama iliendelea vizuri, kurasa zilifunguka haraka, na kila mtu alifurahi. Seva ilionekana nzima kwa sababu ilikuwa inajinyima kile kinachoilinda.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikuwa nimekitafsiri kimya hicho kuwa hakuna jipya.

Usiku wa makosa

Ningependa kusema kwamba nilitulia, nikapanga, nikatengeneza. Hapana. Nilishikwa na hofu, na mtu mwenye hofu hafai kupewa root.

Kwanza niliandika sudo dnf upgrade. Ikasoma maghala, ikafikiri, kisha Killed. Nikajaribu OpenSSH peke yake huku EPEL imezimwa:

sudo dnf upgrade openssh-server --disablerepo=epel

Hiyo ikapita. Tundu likazibwa, nikapumua. Ningekuwa na busara ningeishia hapo nilale. Lakini nilitaka kumaliza yote usiku uleule. Nikazima PHP-FPM, nikaiacha MariaDB na ile programu ya ripoti zikiendelea, nikaamuru masasisho yote, mamia kwa pamoja.

Safari hii ilivuka hatua ya kufikiri ikaanza kusakinisha, nami nikashangilia. Ikafika kwenye sera za SELinux. Kifurushi hicho kinaposasishwa, sera nzima hujengwa upya papo hapo, na kazi hiyo inahitaji kumbukumbu nyingi kwa dakika moja au mbili. Huku dnf yenyewe bado imeshikilia katalogi zake zote. RAM ikaisha. Kerneli ikamtafuta mnene. Unamjua.

Kuuawa wakati wa kusoma katalogi hakuna madhara. Kuuawa katikati ya kusakinisha ni balaa. Matoleo mapya yalikuwa yamewekwa na ya zamani hayajaondolewa, kwa hivyo vifurushi kadhaa vilijiandikisha mara mbili. Amri ya dnf check ikanitolea orodha ndefu kuliko ya wageni wa arusi. Ilikuwa saa 7 usiku, siku ya Ijumaa, na kesho yake akina mama wana mkutano.

Hapo ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kufanya kwanza. Nikaongeza swapu ya GB 2, yaani sehemu ya diski ambayo kerneli huhamishia vitu visivyotumika sasa hivi ili RAM ipate nafasi. Kisha nikaandika dnf remove --duplicates, ambayo huondoa nakala za zamani, halafu nikarudia sasisho. Ikapita, polepole lakini bila kelele. Amri chache na dakika kumi zilitosha kutibu ugonjwa wa miezi sita, na swapu haikuongeza hata senti kwenye bili.

Hata hivyo sikuiamini tena seva hiyo. Mlango uliokaa wazi zaidi ya miezi minne huwezi kusema hakuna aliyepita kwa sababu tu huoni nyayo. Alfajiri nikakodi seva mpya, nikaijenga upya kutoka mwanzo, nikahamisha hifadhidata peke yake, nikabadilisha funguo zote na nywila zote. Ile ya zamani nikaizima.

Mkutano

Jumamosi hiyo nilipanda matatu kwenda Machakos nikiwa sijalala. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimemwambia mama wa watu kwamba tuko salama, na haikuwa kweli.

Nikaomba dakika chache kabla ya michango. Nikawaeleza bila maneno ya kitaalamu: kulikuwa na mlinzi, kila alfajiri alikuwa anazirai kwa sababu chumba chake ni kidogo, mimi sikujua, na kwa miezi kadhaa mlango mmoja haukuwa na kufuli nzuri. Sikuona dalili ya mwizi, lakini nimebadilisha nyumba na kufuli zote. Tena nikamwomba mweka hazina msamaha kwa jina, kwa sababu yeye aliniuliza na mimi nikajibu bila kuangalia.

Kukawa kimya. Kisha mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akauliza:

"Mwanangu, mlinzi alikuwa anazirai tangu Mei. Sasa nani alikuwa anamwangalia mlinzi?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa anamwangalia.

Mweka hazina yeye akauliza la maana zaidi: "Na hesabu?" Katibu akafungua mkoba, akatoa daftari jeusi. Kumbe muda huo wote, pamoja na programu yangu yote, alikuwa bado anaandika kila mchango kwa kalamu! Zamani hilo lingeniudhi. Siku hiyo nilitaka kulibusu. Tukakaa kwa saa tatu tukilinganisha daftari, taarifa ya M-Pesa ya chama na salio kwenye seva, mama mmoja baada ya mwingine. Zote 28 zikalingana mpaka shilingi ya mwisho.

Mwenyekiti akaniuliza kama walipie seva kubwa zaidi. GB 2 ni dola 12, maradufu. Nikamwambia ngoja kwanza, tatizo halikuwa pesa. Lilikuwa mimi.

Mambo ya kufanya kwenye seva ndogo

Haya, twende kazi. Kama una seva ya RAM ya GB 1 au chini yake, fanya haya leo, usingoje wikendi.

1. Weka swapu. Amri ni hizi, kwa mpangilio huu, zote kwa sudo:

dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Kisha ongeza mstari huu kwenye /etc/fstab ili swapu irudi seva ikiwashwa upya:

/swapfile none swap defaults 0 0

Watu watakuambia swapu ni polepole. Ni kweli. Lakini dnf inafanya kazi alfajiri na hakuna anayeisubiri. Afadhali mlinzi anayetembea kwa mkongojo kuliko mlinzi marehemu.

2. Punguza maghala. Andika dnf repolist uone umewasha yapi. Lile usilolitumia lizime kwa dnf config-manager --set-disabled na jina lake. Kila ghala unalozima ni katalogi moja isiyomwagwa mezani.

3. Zima dnf-makecache.timer. Hii huamka yenyewe karibu kila saa kuburudisha katalogi, hata kama huna mpango wa kusakinisha kitu. Kwenye kipakatalishi chako haina neno. Kwenye seva ya GB 1 ni mgeni anayekuja kula kila saa:

systemctl disable --now dnf-makecache.timer

4. Punguza walaji wengine. PHP-FPM ya chama sasa ina pm.max_children = 5 na hakuna mama aliyelalamika. Ile programu ya ripoti inawashwa inapohitajika tu.

5. Ukisasisha kwa mkono, fanya kwa mafungu. Zima kwanza huduma nzito, na usianze kabla ya kuangalia free -m. Makosa yangu ya usiku ule usiyarudie.

6. Mwangalie mlinzi. Hili nimelipa namba 6 lakini ndilo la kwanza kwa uzito. Usitegemee kimya. Sasa kila Jumatatu asubuhi skripti fupi inanitumia barua pepe, kuwe na jipya au kusiwe: tarehe ya sasisho la mwisho lililofaulu, idadi ya masasisho yanayosubiri, na mara ngapi kerneli imeua programu wiki hiyo (journalctl -k, kisha tafuta "Out of memory"). Barua isipokuja, huo ndio ujumbe wenyewe.

Wanaotumia Debian na Ubuntu msijisifu sana. apt huhifadhi katalogi yake kwenye faili ambalo kerneli inaweza kulisoma vipande vipande, na hilo husaidia, lakini wazee wenzangu wanakumbuka ile "Dynamic MMap ran out of room" iliyotutesa miaka ya 2000 kila tulipoongeza maghala. Tatizo ni lilelile, nguo tofauti. Nao wa PHP wanajua Composer ilivyokuwa kabla ya toleo la 2 kutoka Oktoba 2020, lililopunguza sana ulaji wake. Mpaka leo ushauri wangu ni uleule: composer update ifanyie kwenye mashine yako kubwa, na kwenye seva fanya composer install tu kutoka kwenye faili la lock.

Na wenye dnf wenyewe wameanza kusikia kilio. Fedora 40, iliyotoka Aprili 2024, iliacha kupakua ile orodha ndefu ya mafaili isipohitajika. Fedora 41, Oktoba mwaka huohuo, ikaja na DNF5 iliyoandikwa upya kwa C++. Ni hatua nzuri, lakini seva za familia ya RHEL 9 zitakuwa nasi kwa miaka mingi bado, na sera za SELinux bado zinajengwa palepale. Kwa hivyo swapu, ndugu zangu, swapu.

La mwisho

Yule kijana nilimtumia amri nne za swapu. Baada ya dakika tano akaandika, "Imekubali kaka!" na vicheko vingi. Nikafurahi, kisha nikamwuliza swali la mwenyekiti: na wewe, nani anamwangalia mlinzi wako? Akanyamaza. Kesho yake akanitumia barua pepe ya kwanza iliyotoka kwenye skripti yake. Haikuwa na jipya lolote. Nilimpongeza.

Seva ya akina mama bado ni GB 1, bado dola 6. Daftari jeusi lipo bado, nami sijawahi tena kumwambia katibu aliache. Mweka hazina bado hunipigia mara mojamoja kuniuliza, "Mwanangu, tuko salama?" Siku hizi namwambia, "Ngoja dakika mbili, mama, niangalie." Kisha naangalia kweli.

Mpaka wakati mwingine, kaeni salama. Na andika free -m kabla hujafunga ukurasa huu :-)

NYONGEZA: Msomaji mmoja ameniuliza kama anaweza kutumia fallocate badala ya dd kutengeneza faili la swapu, kwa kuwa ni ya haraka zaidi. Mara nyingi inakubali, lakini kwenye baadhi ya mifumo ya mafaili swapon itakukatalia kwa madai kwamba faili lina mashimo. dd ni ya mwendo wa kobe lakini inafika popote. Kwa GB 2 utasubiri muda wa kumimina chai tu.